Daftari la Matangazo ya Avenyu Yetu

Kosa langu la kwanza kubwa katika kazi ya kupeleka habari za mtaa lilitokana na maneno mawili tu: saa tatu. Ilikuwa mwaka 2016, miezi michache baada ya mzee wa avenyu yetu, yaani kiongozi wa barabara yetu na nyumba zake, huku Mabanga Sud mjini Goma, mashariki mwa Kongo, kuniomba nimsaidie kuandika matangazo, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameanza kumsumbua na mimi nilikuwa na simu yenye WhatsApp. Jirani yetu mmoja alikuwa amefariki. Shemeji wa marehemu alinipigia akiwa katikati ya kelele za hospitali, akaniambia kwa Kifaransa kwamba mwili utatolewa saa ya tatu. Nikaandika "saa tatu", nikatuma, nikaenda kuoga nikiwa nimeridhika kwamba kazi imekwisha.

Yeyote aliyekulia Goma ameshaelewa kilichotokea. Sisi tunaishi na hesabu mbili za saa. Kwa Kiswahili tunahesabu tangu jua linapochomoza, na kwa Kifaransa tunahesabu kama tulivyofundishwa shuleni. Tena vijana wengi siku hizi husema Kiswahili kwa hesabu ya Kifaransa, hata usijue kama mtu amekusudia asubuhi au alasiri. Kana kwamba hiyo haitoshi, redio inapotaja saa ya Kinshasa, huwa nyuma yetu kwa saa nzima. Shemeji alikusudia saa tisa alasiri. Avenyu yetu ilifika kwenye lango la hospitali saa tatu asubuhi.

Watu waliketi juu ya mawe na kando ya ukuta hadi adhuhuri. Wenye meza katika soko la Virunga wakaondoka, kwa sababu siku isiyo na mauzo ni siku isiyo na chakula. Motari, yaani waendesha pikipiki za abiria, nao wakaondoka, kwa kuwa jioni walipaswa kumpelekea mwenye pikipiki hesabu yake, kilio au si kilio. Mwili ulipotoka hatimaye, wanaume waliobaki walikuwa wachache mno kupokezana jeneza kutoka garini hadi kaburini, na ardhi ya makaburi ya Makao, kama ardhi yote ya huku, ni mawe ya volkano yanayokwaza mguu hata wa mtu asiyebeba kitu. Mjane hakunitukana. Kwa wiki kadhaa aliitikia salamu yangu bila kusimama, nami nilitamani angenitukana.

Mzee wa avenyu aliposikia habari hizo alimtuma mjukuu wake akanunue daftari la shule, lile la miraba, na kalamu ya wino wa buluu. Akaniambia: "Mwanangu, kabla hujatuma kwenye simu, andika hapa. Nani amekuambia, amekuambia siku gani na saa ngapi, na nani mwingine umemuuliza." Nilidhani ni adhabu. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba alikuwa amenipa chombo cha kazi, na mpaka leo niko katika daftari la saba.

Kwa asiyeujua mji wetu, niseme kidogo jinsi ulivyopangwa. Goma ina komine mbili, yaani manispaa, Goma na Karisimbi, na ndani yake kuna kartie 18, yaani mitaa mikubwa. Mabanga Sud iko Karisimbi. Chini ya kartie kuna seli, chini ya seli kuna avenyu, na chini kabisa kuna nyumba kumi, ambaye licha ya jina lake ni mtu, si nyumba: ndiye anayejua nani amehamia, nani amejifungua na nani ameuza kiwanja. Tangazo rasmi hushuka kwa ngazi hizo, kutoka kwa meya hadi kwa nyumba kumi, na kwa kawaida hufika limechoka. Habari yenyewe, ile ambayo watu wanaihitaji leo jioni, huzaliwa kwingine: kwenye robine, yaani bomba la maji, akina mama wanapopanga foleni ya bidoni, yaani madumu, kwenye kituo cha motari, saluni, katika shirika la wakatoliki linapokutana katikati ya wiki, msikitini baada ya sala ya Ijumaa, na Jumapili mwishoni mwa misa, pale msomaji wa matangazo anaposimama na watu wanaanza kukohoa.

Mimi nilikuja kuipenda salongo, kazi ya pamoja ya usafi, ya Jumamosi asubuhi kuliko mahali pengine pote. Watu wanapozibua mitaro wakiwa na majembe mikononi hawana muda wa kubishana sana, na anayeongopa husahihishwa papo hapo na jirani aliye hatua mbili kutoka kwake. Nikisikia jambo kwenye simu usiku wa Ijumaa, huwa nalipeleka salongo kwanza. Mara nyingi linarudi likiwa limepungua nusu.

Kitu kilichonishangaza katika miaka ile ya mwanzo ni jinsi habari ambazo mimi niliziona kubwa zilivyopita bila mtu kuzijali, na zile nilizoziona ndogo zilivyosomwa na kusambazwa. Nilipoandika kuhusu kikao cha komine juu ya maendeleo, walijibu wawili. Nilipoandika kwamba robine ya juu itafunguliwa saa kumi na moja alfajiri badala ya saa moja, simu haikunyamaza. Hata kuhusu sherehe ni hivyo hivyo. Tamasha la Amani, ambalo lilianza Februari 2014 katika uwanja wa Collège Mwanga, lilikuwa likivuta vijana kutoka kila kartie na hata kutoka ng'ambo ya mpaka. Lakini nilipoandika majina ya wanamuziki, wazazi hawakuniuliza hata mmoja kati yao. Waliniuliza linaisha saa ngapi, lango la kutokea liko upande gani, na kama bado kutakuwa na motari wa kuwarudisha mabinti zao nyumbani. Tangu siku hiyo, katika tangazo lolote la sherehe naanza na mwisho wake.

Pesa ni jambo jingine. Katika kilio huwa tunachanga, na mwanzoni niliona ni uaminifu kuandika kwenye kundi la simu jina la kila mtu na kiasi alichotoa, faranga mia tano, dola mbili, dola tano. Nilidhani nazuia wizi. Nilichofanya ni kumwanika mama mmoja mchuuzi wa ndizi mbele ya wateja wake, na kumpa nafasi ya kujigamba mtu ambaye hata kilioni hakukanyaga. Mchango wa kilio kilichofuata ulipungua, kwa sababu wenye kidogo waliona heri wasitoe kuliko wasomwe. Sasa naandika jumla tu, na daftari lenye majina liko kwa mtunza hazina. Anayetaka kuhakiki aende akaangalie kwa macho yake.

Mwaka 2019 nilijifunza jambo ambalo daftari la mzee halikuwa limenifundisha, nalo ni kwamba habari ya kweli huoza. Tarehe 14 Julai mwaka huo, mgonjwa wa kwanza wa Ebola aligundulika Goma. Alikuwa amefika kwa basi kutoka Butembo. Mji ukajaa maneno. Wengi walisema kwamba Ebola ni biashara ya wakubwa, na kila siku uliletwa ujumbe kwamba mpaka wa Rwanda umefungwa. Hilo la mpaka lilikuwa na uzito wake, kwa sababu nusu ya akina mama wa avenyu yetu huvuka Barieri Ndogo, kivuko cha mpakani, kila asubuhi kwenda Gisenyi na kurudi jioni, na ujumbe wa namna ile ulitosha kumfanya mtu aache mboga zioze nyumbani. Nilikwenda mwenyewe hadi mpakani, nikaona watu wanapita wakinawa mikono na kupimwa homa, nikarudi nikaandika: "Si kweli, mpaka uko wazi." Niliona fahari kidogo, nakiri.

Ujumbe wangu ukaendelea kutembea bila mimi. Tarehe 1 Agosti, baada ya wagonjwa wengine kupatikana mjini, Rwanda ikafunga kweli mpaka kwa saa kadhaa kisha ikaufungua siku hiyo hiyo. Asubuhi ile akina mama waliokuwa wamepokea maneno yangu ya wiki mbili nyuma, yaliyosambazwa upya na mtu mwenye nia njema, walifika Barieri Ndogo na mizigo yao wakakuta kizuizi. Jioni walikuja kwangu kwa kundi. Sikuwa nimeongopa, lakini nilikuwa nimetuma sentensi isiyo na tarehe. Mmoja wao, ambaye ni mkubwa wangu na huwa namwita yaya, yaani dada, aliniambia tu: "Mdogo wangu, wazi ya lini?" Tangu hapo kila tangazo langu huanza na siku, tarehe na saa, kabla ya salamu, hata wale wazee wanaopenda adabu wakiona ni ukosefu wa malezi. Niliacha pia kurudia maneno ya uvumi ili kuyakanusha, kwa kuwa niligundua kwamba wengi husoma nusu ya kwanza ya ujumbe, na nusu ya kwanza ilikuwa uvumi wenyewe.

Kisha ukaja usiku wa Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021. Giza lilikuwa limeingia tu mbingu ilipogeuka nyekundu upande wa kaskazini. Kwa dakika chache wengine walidhani kuna soko linaungua. Hakuna onyo lililokuwa limetolewa mapema, na kwa muda mrefu baada ya anga kuwaka hatukusikia sauti yoyote iliyotuambia ni upande gani wa mlima uliopasuka. Nyiragongo, volkano iliyo kaskazini mwa mji, ilikuwa imelipuka.

Mimi nilikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja tarehe 17 Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia ziwani. Nakumbuka zaidi kilichofuata siku chache baadaye, kituo cha mafuta kilipolipuka na kuua watu waliokuwa wakichota mafuta humo. Karibu kila mtu mzima wa avenyu yetu alikuwa na kumbukumbu yake ya mwaka ule, na usiku wa 2021 nilielewa kwamba tangazo langu halishindani na uvumi pekee. Linashindana na kumbukumbu. Waliokimbia lava mwaka 2002 kuelekea Gisenyi walitoka mbio kuelekea Gisenyi, bila kuuliza, magodoro yakiwa kichwani.

Ujumbe ulikuwa ukiingia kwa wingi kuliko nilivyoweza kusoma. Uwanja wa ndege umeungua. Uwanja wa ndege uko salama. Gesi ya Ziwa Kivu italipuka kabla ya asubuhi. Niliweka simu chini, nikachukua daftari, kisha nikampigia ndugu yangu anayeishi upande wa Munigi, kaskazini mwa mji, nikamuuliza swali moja: "Wewe mwenyewe, kwa macho yako, unaona nini?" Kilichoandikwa katika ukurasa ule, kwa mwandiko unaotetemeka, ni hiki: "Jumamosi 22 Mei, saa nne na dakika kumi usiku. Ndugu yangu aliye Munigi anaona moto ukiteremka kuelekea Buhene. Sijui kama utafika kwetu. Wenye wazee, wagonjwa na watoto wadogo waondoke sasa." Sikuwahi kabla ya hapo kuandika neno "sijui" katika tangazo. Niliogopa kwamba litawatia watu hofu au litanivunjia heshima. Baadaye majirani kadhaa waliniambia kwamba ndilo lililowafanya waamini maneno mengine yaliyobaki.

Lava ilisimama Buhene, karibu kabisa na uwanja wa ndege, baada ya kukata barabara ya Rutshuru na kumeza nyumba nyingi. Watu zaidi ya 30 walifariki. Sisi tulirudi asubuhi tukakuta avenyu imesimama, lakini ardhi ikaanza kutetemeka na haikuacha. Nyufa zilitokea barabarani, na watu walilala nje kwa kuogopa kuta zao wenyewe. Alhamisi tarehe 27 Mei, asubuhi na mapema, gavana wa kijeshi, Jenerali Constant Ndima, alitangaza kwamba kartie kumi zihame, kwa kuwa magma ilikuwa imeonekana chini ya mji na chini ya ziwa.

Kabla hotuba haijaisha, simu yangu ilikuwa tayari na orodha tatu za kartie hizo, na hazikufanana. Moja ilikuwa na kartie kumi na mbili. Nyingine ilikuwa imeisahau ya kwetu. Nilisubiri redio irudie, nikaandika kwa mkono jina baada ya jina: Majengo, Mabanga Nord, Mabanga Sud, Bujovu, Virunga, Murara, Mapendo, Mikeno, Kahembe, Les Volcans. Nikaipiga picha karatasi ile, na picha ndiyo niliyotuma, kwa sababu maandishi kwenye simu yeyote anaweza kuongeza jina la kartie ya mkwe wake, lakini mwandiko wangu avenyu nzima inaujua. Hata hivyo sidai kwamba orodha sahihi ilileta utulivu. Jamaa zetu wa Katoyi, ambayo haikuwamo, waliondoka nao, na mimi katika nafasi yao ningeondoka.

Barabara ya Sake ni kilomita 25 hivi. Siku ile ilikuwa mto wa watu, malori, pikipiki zenye abiria wanne, chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zilizobeba bibi wazee juu ya magodoro. Huko Sake, katika ukumbi wa kanisa tulikolala, daftari likageuka kitu nisichokitarajia. Hakuna aliyeniuliza habari za volkano. Waliniuliza watu. Basi nikaanza kuandika: mke wa fundi seremala yuko Minova na watoto wawili, wazazi wa kijana wa saluni wamepanda meli kwenda Bukavu, mzee wa avenyu yuko Gisenyi kwa binti yake, anasema msimtafute. Kila aliyepata mtandao alinisomea alichojua, nami nikaandika na jina la aliyesema. Kurasa kumi na nne zilijaa hivyo.

Kuhusu watoto nilikaripiwa, na nilistahili. Siku iliyofuata mlipuko, UNICEF ilisema kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na familia zao, na katika kundi letu tulikuwa tumeanza kutuma picha zao pamoja na jina kamili, umri na mahali walipo. Mama mmoja aliyekuwa akishughulikia watoto waliopotea alinivuta kando akaniuliza: "Ukishaandika yote haya, mimi nitamjuaje mzazi wa kweli?" Tulikuwa tunawapa wageni majibu ya mtihani. Tangu siku ile, mtoto akiokotwa naandika kwamba ameonekana mvulana wa miaka minne hivi na yuko kwa nani. Nguo aliyovaa, jina analoitwa nyumbani na kovu lake naviacha ndani ya daftari, na anayekuja kumchukua ndiye anayenitajia mimi.

Tarehe 7 Juni waziri mkuu, Sama Lukonde, alitangaza kwamba watu watarudi hatua kwa hatua. Tulirudi. Mzee wa avenyu hakuishi muda mrefu baada ya hapo, na tangazo la kilio chake niliandika mara tatu kabla ya kulituma.

Vita vilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, umeme, maji na intaneti vilikatika kwa pamoja, na simu yangu ikawa kioo cha kujitazamia uso. Sitaeleza siku zile hapa. Nitasema tu kwamba risasi zilipopungua, jambo la kwanza watu walilotaka kujua halikuwa nani anatawala bali maji ya kunywa yako wapi, kwa kuwa wengi walikuwa wakichota ziwani, na kwamba tangazo langu la kwanza lilikuwa karatasi niliyoibandika kwa ugali kwenye mlango wa duka lililofungwa: siku, tarehe, saa, mahali pa kupata dawa ya kutia ndani ya bidoni, na jina la aliyepaona. Vijana wangu wawili, waliozoea kunicheka kwa sababu ya daftari, walinakili karatasi ile mara ishirini na kuzipeleka kwa nyumba kumi wote, mlango kwa mlango. Kufikia jioni yalirudi masahihisho matatu, yameandikwa pembeni kwa miandiko tofauti, na moja lilikuwa muhimu: dawa ilikuwa imekwisha tangu mchana.

Mwezi uliopita mjane yule wa mwaka 2016 alikuja kwangu. Binti yake anaolewa. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akakataa chai, akanitaka nichukue daftari na niandike mbele yake. Misa ni saa nne asubuhi. Akaniambia nisome. Nikasoma. Akaniambia niandike pia kwa hesabu ya Kifaransa, kumi, ili wale wa upande wa bwana harusi wasije wakapotea. Nikaandika, nikasoma tena. Akanyamaza kidogo akiutazama ukurasa, ingawa hajui kusoma vizuri, kisha akauliza: "Umeandika asubuhi?"

Nikamwonyesha neno lenyewe kwa ncha ya kalamu.

"Haya," akasema, "sasa andika kwamba hata mvua ikinyesha, tutaanza."